Mapitio, rufaa au msamaha: ufuate njia ipi karatasi ya korti ikimkosea mtu wako

Tuseme kijana wa kwenu amepatikana na hatia ya kuvunja maduka mawili, usiku wa siku tofauti, na hakimu akampa miaka 3 kwa kila kosa. Mlikuwa mmeketi benchi ya nyuma. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, karani akatafsiri mbiombio, na nyote mkatoka mkiwa na hakika kwamba ni miaka 3. Baada ya miezi kadhaa mama mtu anaenda kumwona, na kijana anamwambia kwamba kwenye vitabu vya gereza ameandikiwa miaka 6.

Huenda hakuna aliyedanganya. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75 ya Sheria za Kenya, kinasema mtu akitiwa hatiani kwa makosa zaidi ya moja katika kesi moja, vifungo vyake vitafuatana, hiki kikiisha ndipo kingine kianze, isipokuwa korti iamuru viende kwa pamoja. Kwa hiyo hakimu akinyamaza, au akisema lakini halikuandikwa, kimya hicho kinamhesabia mfungwa miaka yote. Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo (yako makosa yasiyoguswa na punguzo hilo, mojawapo ni unyang'anyi), hivyo miaka 3 huwa 2, na miaka 6 huwa 4. Maneno "kwa pamoja" yakikosekana kwenye karatasi, mtu analala ndani miaka 2 zaidi.

Familia ikigundua jambo kama hili, neno la kwanza kinywani huwa ni rufaa. Shangazi anasema tukate rufaa, jirani anasema tukate rufaa, na wakili wa kwanza mnayempata naye anasema tukate rufaa, kwa kuwa ndiyo kazi anayoijua zaidi. Mimi naona mara nyingi hiyo ndiyo njia isiyofaa kwa kosa la karatasi. Ziko njia nne au tano, na kila moja ina mlango wake, muda wake na hatari yake. Nimeziweka hapa ubavu kwa ubavu kwa sheria ya Kenya. Mtu wa Tanzania au Uganda atakuta majina yanayofanana, lakini siku na vifungu vya sheria yake aviulize kwao.

Kwanza, kosa limekaa kwenye karatasi gani?

Usichague njia kabla ya kujibu swali hili. Kesi ya jinai huacha karatasi nne zenye uzito: hati ya mashtaka iliyoandikwa na polisi au waendesha mashtaka, kumbukumbu za kesi, yaani yale hakimu aliyoyaandika wakati mashahidi wakizungumza, hukumu pamoja na adhabu, na waranti ya kifungo, ile karatasi anayosafiri nayo mfungwa hadi gerezani. Ofisa wa gereza hakuwa kortini siku ile. Yeye anaijua waranti tu, na akiona 6 ataandika 6.

Katiba, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya kumbukumbu za kesi yake, na kesi ikishaisha aipate katika muda unaofaa kwa ada inayofaa. Basi andika barua, taja namba ya kesi, omba nakala zilizothibitishwa za mwenendo mzima, hukumu, adhabu na waranti, na uweke nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo utauhitaji baadaye, na nitakwambia kwa nini.

Ukizipata, ziweke mezani uzisome kwa kidole. Angalia jina na namba ya kitambulisho, tarehe ya kukamatwa, kifungu na kifungu kidogo cha sheria, idadi ya mashtaka, adhabu ya kila shtaka, na kama pameandikwa ziende pamoja au zifuatane. Kuna jambo dogo la lugha hapa. Korti za mahakimu zinaruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili, lakini faili nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Kile mlichokisikia kutoka kwa karani ni tafsiri, na mbele ya jaji tafsiri haina nguvu dhidi ya maandishi. Mkisema "sisi tulisikia miaka 3", jaji atafungua faili.

Waranti imepotoka, hukumu iko sawa

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Hakimu aliandika vizuri kwa mkono wake kwamba vifungo viende pamoja, karani aliyejaza waranti akaandika vinginevyo, au akakosea tarehe, au akamwandikia mtu namba ya kesi ya mwingine. Hukumu haina kasoro, kwa hiyo huna haja ya kuikatia rufaa. Kinachotakiwa ni waranti mpya inayolingana na kilichoamuliwa, na korti iliyoitoa ile ya kwanza ndiyo ya kurudiwa. Peleka barua au ombi fupi katika faili ileile, ubandike kurasa mbili: ukurasa wa adhabu na waranti yenyewe. Mlinganisho uonekane kwa macho, bila maelezo marefu ya maisha ya mfungwa.

Mpaka wa njia hii uujue lakini. Hakimu akishatoa adhabu, mamlaka yake juu ya kesi ile yamekwisha. Hawezi kuketi tena mwezi ujao akafikiri kwamba miaka 3 ilikuwa mingi, wala hawezi kuongeza maneno "kwa pamoja" ambayo hakuyatamka. Ukimwendea na ombi la namna hiyo atakukatalia, na atakuwa amefanya sawa. Kosa likiwa ndani ya adhabu yenyewe, hata kama ni la kalamu, unapanda ngazi hadi Mahakama Kuu.

Mapitio na rufaa

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa sababu njia zote mbili zinafika mahakama moja na pengine meza ya jaji yuleyule. Vifungu nitakavyovitaja bila jina la sheria ni vya Sheria ileile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

| | Mapitio (vifungu 362 hadi 365) | Rufaa (kuanzia kifungu 347) |
|---|---|---|
| Huanzaje | Ombi au barua inayomwonyesha jaji kasoro. Jaji pia anaweza kuita faili mwenyewe | Hati ya rufaa yenye sababu zake. Aliye gerezani huikabidhi kwa msimamizi wa gereza aipeleke |
| Muda | Sheria haikuweka idadi ya siku | Siku 14 tangu hukumu au adhabu |
| Kusikilizwa | Jaji anaweza kuamua kwa kusoma faili tu | Pande zote zinasikilizwa, ushahidi unapimwa upya |
| Inafaa nini | Adhabu isiyo halali, hesabu iliyokosewa, amri isiyo sahihi | Hatia yenyewe, ushahidi, hati ya mashtaka, na adhabu pia |
| Hatari | Adhabu inaweza kupanda | Adhabu inaweza kupanda |

Katika mapitio, Mahakama Kuu huita faili ya korti ya chini ijiridhishe kama uamuzi, adhabu au amri ni sahihi, halali na ya kufaa. Huhitaji kuthibitisha kwamba mashahidi walisema uongo. Unasema: tazama ukurasa huu, hesabu hizi haziendi. Kifungu cha 365 kinasema hakuna upande wenye haki ya kusimama na kusikilizwa, na ingawa hilo linasikika kama ukali, kwa kosa la karatasi ni nafuu. Mambo yanaweza kumalizwa faili ikiwa mezani bila tarehe kuahirishwa mara sita. Wakati wa korona mwaka 2020, Mahakama Kuu ilitumia njia hiihii kupitia adhabu za wafungwa wa makosa madogo ili kupunguza msongamano magerezani.

Mapitio yana mitego mitatu. Wa kwanza ni kifungu cha 364(5): kama ulikuwa na nafasi ya kukata rufaa na hukukata, huruhusiwi kuleta mapitio badala yake. Hii haizibi njia kabisa, maana baadhi ya majaji hushikilia kwamba barua ya mfungwa inawazindua tu, na wanaoita faili ni wao wenyewe, kwa uwezo wao na kwa usimamizi waliopewa na Ibara ya 165 ya Katiba juu ya korti za chini. Lakini kwa sababu hiyo barua yako isisome kama rufaa iliyochelewa. Ukijaza malalamiko kuhusu shahidi wa tatu aliyejikanganya, umejifungia mlango mwenyewe. Taja kasoro moja inayoonekana kwenye ukurasa, uishie hapo.

Mtego wa pili: mapitio yanahusu korti za chini. Kesi ya mauaji iliyoanza Mahakama Kuu haina njia hii, inakwenda Mahakama ya Rufani. Vilevile mkishakata rufaa Mahakama Kuu mkashindwa, msirudi mlango wa nyuma kumwomba jaji wa mahakama ileile apitie kile ambacho mwenzake amekwisha kuamua.

Wa tatu watu hawaambiwi mpaka wamefika. Jaji akiita faili anaiona yote. Kama hakimu alikosea kwa kumpunguzia mtu wako, kwa mfano alitoa miaka 5 mahali ambapo sheria inasema isipungue 10, jaji ana uwezo wa kuipandisha. Sheria imeweka ngao mbili: hawezi kumdhuru mshtakiwa bila kumpa nafasi ya kujitetea, yeye au wakili wake, na hawezi kupita kiwango ambacho korti ya chini ingeweza kutoa. Ngao hizo haziondoi hatari. Kabla ya kutuma barua, soma kifungu cha adhabu ujue kiwango cha chini ni kipi.

Rufaa sasa. Siku 14 ni chache mno kwa familia ambayo bado inatafuta nauli, lakini zisikutie hofu kupita kiasi. Kifungu cha 349 kinasema rufaa iliyochelewa inaweza kupokelewa kwa sababu nzuri, tena kinakwenda mbali zaidi: kama uchelewaji ulitokana na kutopewa nakala za hukumu na kumbukumbu kwa muda unaofaa baada ya kuziomba, korti *lazima* iipokee. Ule muhuri wa kupokelewa niliousema ndio ushahidi wako kwamba uliomba mapema.

Rufaa inafungua kesi yote. Mahakama Kuu hupima ushahidi upya, na mrufani anaweza kuomba dhamana akisubiri. Ndiyo njia ya mtu anayesema sikufanya. Kwa anayesema nilifanya, ila mmenihesabia vibaya, ni kama kubomoa nyumba kwa ajili ya bawaba. Itachukua muda mrefu, na mtu mwenye kifungo cha miaka 2 anaweza kukimaliza kabla ya kusikilizwa. Aliyekiri kosa kwenye korti ya chini naye hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia, isipokuwa kuhusu uhalali au ukubwa wa adhabu. Ukipoteza Mahakama Kuu ukataka kupanda, Mahakama ya Rufani husikiliza hoja za sheria tu. Ukali wa adhabu unahesabiwa kuwa jambo la ukweli wa kesi, kwa hiyo kilio cha "miaka ni mingi" hakiendi kule. Kilio cha "adhabu hii si halali" kinakwenda.

Siku za rumande

Hili nalitenga kwa sababu ndilo ninaloliona kuwa jepesi kurekebishwa na linalosahaulika zaidi. Mtu amekaa rumande miezi 14 kwa kukosa dhamana. Siku ya adhabu hakimu anasema miaka 3, na waranti inaanza kuhesabu tangu siku hiyo. Kifungu cha 333(2) kinaitaka korti izingatie muda aliokaa ndani kabla ya adhabu. Kusema tu kwamba "nimezingatia" hakutoshi. Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2018 kwamba kuzingatia ni lazima kuonekane katika hesabu yenyewe.

Hapa ombi la mapitio ndilo linalofaa, na linaandikwa kwa nusu ukurasa: tarehe ya kukamatwa, tarehe ya adhabu, siku ngapi katikati, na maneno ya hakimu kama yapo. Ambatanisha ukurasa unaoonyesha hakupata dhamana. Kama alitoka kwa dhamana katikati akarudi, sema hivyo wewe mwenyewe. Jaji akigundua umeficha wiki mbili, ataitilia shaka hesabu nzima.

Tarakimu kwenye mabano

Kosa la kalamu likiwa ndani ya hati ya mashtaka, mambo yanabadilika, maana sasa linagusa ni nini hasa mtu alishtakiwa. Chukua unyang'anyi. Kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu kina kifungo cha miaka 14. Kifungu cha 296(2), wizi wa mabavu, kina adhabu ya kifo. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, lakini adhabu imo kitabuni. Tofauti ya vifungu viwili hivi kwenye karatasi ni tarakimu moja kati ya mabano, na iliyoandikwa na konstebo saa tisa usiku ndiyo inayoweza kumfuata mtu hadi mwisho.

Au chukua Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kwa kosa la unajisi, mtoto akiwa na miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa kati ya 12 na 15, isipungue miaka 20. Kati ya 16 na 18, isipungue 15. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na hati ya mashtaka ikisema vile, mwaka mmoja wa umri unaamua maisha ya mtu. Mtoto aliyedhulumiwa naye anastahili karatasi isiyo na mwanya, kwa sababu wakili mzuri atauona mwanya huo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ndugu wengi wakigundua kosa la aina hii hushangilia kwamba kesi imeanguka. Haianguki kirahisi hivyo. Kifungu cha 382 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema kosa, upungufu au kasoro katika mashtaka au mwenendo haitengui hukumu, ila kama imesababisha haki kukosekana, na korti huangalia pia kama mshtakiwa angeweza kulipinga mapema na hakufanya hivyo. Jina lililokosewa herufi, tarehe iliyopishana siku moja, mtaa ulioandikwa vibaya: hayo kwa kawaida hayamtoi mtu. Kifungu kidogo kisicho chake, au umri usiothibitishwa, huo ni mzigo mwingine. Swali la kujiuliza ni kama alijua anajitetea dhidi ya nini. Kama hakujua, kata rufaa, na hapa kwa kweli tafuta wakili. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, au mashirika kama Kituo Cha Sheria. Ndani ya magereza kadhaa wapo wafungwa waliofundishwa kuandika maombi, na baadhi yao wanaandika vizuri kuliko mawakili wa bei rahisi.

Muda umeisha na bado yuko ndani

Kama kwa hesabu yoyote halali kifungo kimekwisha na gereza halimwachii, mapitio yatachelewa. Omba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake na sababu ya kumshikilia ielezwe. Haki hii imo Ibara ya 51, na Ibara ya 25 inaiweka miongoni mwa zile zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Lakini hesabu yako iwe safi, theluthi ya nidhamu ikiwa imetolewa sawasawa, kwa sababu ombi likionyesha bado wiki tatu, umepoteza safari.

Msamaha wa Rais

Ibara ya 133 inampa Rais, kwa ushauri wa kamati, uwezo wa kusamehe, kubadilisha adhabu kuwa nafuu, au kuondoa sehemu yake. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha adhabu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha kwa mkupuo. Mkupuo wa namna hiyo haufungui faili ya kila mtu kuona kama karani alikosea 1 na 2. Kuomba msamaha kwa kosa la karani naona ni kumbebesha mfungwa mzigo usio wake, na sishauri mtu aanzie hapo. Waachie waliomaliza milango mingine.

Kuna jambo moja tu ambalo msamaha hufanya na mapitio ya adhabu hayafanyi, na nililielewa vizuri kupitia kesi mbili za Marekani.

Karatasi ikimpendelea mfungwa

Mpaka hapa kosa lilikuwa linamuumiza mfungwa. Na likimfaidi? Mwaka 2000, jimbo la Missouri, mtu mmoja alihukumiwa miaka 13 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Alikuwa nje kwa dhamana akisubiri rufaa, rufaa ikashindwa, na hakuna aliyekuja kumchukua. Kwenye kumbukumbu za idara ya magereza alihesabiwa yumo ndani. Akaoa, akazaa, akaanzisha kazi ya ujenzi, akabaki na jina lake lilelile na kuhuisha leseni yake ya gari kama kawaida. Kosa likajulikana 2013, muda wa kumwachilia ulipofika na ikaonekana mtu mwenyewe hayumo. Wakamkamata. Mei 2014 Jaji Terry Lynn Brown alimhesabia siku 4,794 alizokuwa nje kana kwamba amezitumikia, akaenda nyumbani siku hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 2000, jimbo la Colorado, mwingine alipewa jumla ya miaka 98 kwa uporaji wa maduka mawili ya video, vifungo vikiwa vya kufuatana. Karani aliyejaza karatasi ya gereza akaandika viende kwa pamoja. Miaka 98 ikawa 16, na mwaka 2008 akatoka kwa parole, yaani kuachiliwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha. Ni kosa lile la kijana wetu wa maduka mawili, limegeuzwa upande wa pili. Akaoa, akalea watoto, akafanya kazi. Januari 2014 wakamrudisha ndani akamalizie. Mei 2017 Jaji Carlos Samour aliamuru aachiliwe, akiona kumrudisha baada ya serikali yenyewe kumtoa na kumwacha ajenge maisha ni kuvunja haki yake. Hakufika kwake. Alikuwa ameletwa Marekani kutoka Cuba akiwa mtoto mdogo, na kwa kuwa hatia yake ilikuwa bado ipo, idara ya uhamiaji ilimchukua palepale. Gavana John Hickenlooper akampa msamaha mwezi uleule, na hata hivyo alitoka Machi 2018.

Wa Missouri alisaidiwa na hesabu ya siku tu. Wa Colorado alipata uhuru kwa amri ya jaji, lakini hatia ilibaki na ikamnasa mahali pengine. Hili ndilo la kuangalia ukichagua njia hapa kwetu. Mapitio ya adhabu yanapunguza miaka na kuiacha hatia ilipo. Mtu akitoka akaenda kuomba cheti cha maadili mema kwa ajili ya kazi au safari ya Ghuba, hatia inamsubiri. Rufaa ikishinda kikamilifu inaifuta. Msamaha unaweza kuigusa, lakini kwa hiari ya mwingine. Kijana wa miaka 22 anayetaka kusafiri ana hesabu tofauti na mzee wa miaka 60 anayetaka tu kurudi shambani kabla ya mvua.

Je, ilikuwa haki wale wawili kuachiwa? Aliyetishwa kwa bunduki dukani hakusahau kwa sababu karani alikosea. Hata hivyo kifungo hakikuahirishwa na mfungwa. Aliishi waziwazi, na serikali ikakaa miaka bila kufungua faili yake. Mimi ningeamua kama Brown, na kwa yule wa Colorado ningeamua hivyohivyo, ila ningesitasita zaidi, maana kati ya 16 na 98 kuna pengo ambalo mtu mwenyewe lazima alijiuliza.

Kwa hiyo mtu wenu akitoka mapema kuliko mlivyotarajia na karatasi haieleweki, asihame, asibadili jina, na aende kwa wakili akiwa na nakala ya waranti na ukurasa wa adhabu kabla ya kwenda kokote kwingine. Jaji akiita faili hiyo baadaye, kifungu cha 364(2) kitampa nafasi ya kusikilizwa, na hapo atahitaji kuonyesha alikuwa akiishi wapi, akifanya kazi gani, na kwamba angepatikana siku yoyote ambayo angetafutwa.